Jicho la Upepo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba isiyo na tundu, moshi ukazunguka ukikosa pa kutokea.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, katika nchi ya baridi kaskazini ya mbali, mama wa msichana aitwaye Asta alikohoa mpaka midomo ikawa ya kijivu. Nyumba za huko zilikuwa na mlango mmoja tu, na katikati moto usiozimwa mwaka mzima.

"Nitatoboa ukuta," Asta akasema.

Jirani yake, Tora, akacheka. "Shoga, una wazimu? Upepo ni mwizi! Ukimfungulia atabeba moto wote, na mama yako atakufa kwa baridi."

"Upepo asipofunguliwa, mama atakufa kwa moshi," akadakia Mbuzi kutoka pembeni. "Mimi pia nakohoa, ila hakuna anayenijulia hali."

Asta akatoka nje, akaita, "Upepo! Upepo! Upepo! Unataka nini kwetu?"

"Kutazama tu," Upepo akajibu. "Kila siku napita, nasikia watu wanaongea ndani, sioni kitu. Sina jicho."

"Nikikupa jicho, hutagusa moto?"

"Sitaugusa."

"Hutamgusa mama?"

"Sitamgusa."

"Na moshi?"

"Huo nipe, nikauchezee mawinguni."

Asta hakubomoa ovyo. Alipapasa ukuta, akatafuta nafasi kati ya fito, akachokoa udongo polepole. Ufito mmoja ungekatika, paa lingeshuka. Hakukosea hata mara moja. Fito zikabaki wima kama kope.

Upepo akachungulia. Akavuta moshi, akavuta tena, akavuta mara ya tatu. Moto ukalala, Tora akapiga yowe, kisha moto ukainuka. Mama akashusha pumzi ndefu, mwanga ukamwangukia Asta usoni.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umekonda hivyo!"

Tundu lile wakaliita jicho la upepo. Jina likavuka bahari, Waingereza wakalipokea, ndimi zao zikalisugua mpaka likawa neno moja fupi, "window". Hadi leo wakitaja dirisha, wanataja jicho lile bila kukumbuka.

Kesho yake asubuhi Tora alisimama mlangoni, hacheki. Mgongoni alikuwa na mtoto anayekohoa. Asta alichukua kijiti cha kuchokolea udongo, akamfuata kwake.

Ngano yangu imefika hapo, nami nimeituliza.