Pomboo na Mwaka Uliompita

Maji ya bwawa la kuogelea yalikuwa yametulia kama kioo asubuhi ile Pomboo alipoyapasua. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba kama unyasi, na jina hilo la utani alipewa na wanafunzi wenzake kwa kuwa majini hakuwa na mpinzani. Alipogusa ukuta, wengine walikuwa bado wanapigapiga maji huko nyuma. Kocha wa kituo cha vipaji akamwita palepale, akampa nafasi ambayo wengi waliililia.

Mwanzoni Pomboo alishika yote mawili, mazoezi ya alfajiri na jioni, na shule katikati. Lakini usingizi haubishi hodi. Siku moja alisinzia kwenye somo la hesabu hadi paji la uso likagonga dawati, darasa zima likaangua kicheko. Alirudi nyumbani amenuna, akamkuta mama yake, fundi cherehani, akipinda gauni la mteja.

"Mama, shule naiacha kwanza. Nikishakuwa bingwa nitarudi."

"Mwanangu, kuogelea ogelea. Ila cha kupunguza ni mazoezi, si shule."

"Kocha hataki nusunusu."

Baba yake, ambaye tayari alikuwa amejigamba kwa majirani wote, alimuunga mkono binti. "Mwache mtoto, mama. Bahati haiji mara mbili." Mama akawa mmoja dhidi ya wawili, akarudi kwenye cherehani yake.

Mwaka ule Pomboo alilala na kuamka na maji. Kisha mwili ukafanya yake. Alirefuka, mabega na nyonga vikapanuka, na kasi iliyokuwa ikipanda ikaganda. Alizidisha bidii, wapi! Wasichana wadogo wakaanza kumpita. Msimu ulipokwisha, kocha alimketisha ukingoni mwa bwawa.

"Hukukosea kitu, binti. Mwili umebadilika tu. Huenda kasi ikarudi, huenda isirudi. Nafasi yako nimempa mwingine."

"Ahsante, mwalimu," aliitikia, kisha akaenda kulilia bafuni, bomba likiwa wazi asisikike.

Shule ilimpokea, lakini katika darasa lilelile aliloliacha. Mama alifumua mishono ya sare mabegani ili imwenee.

"Nguo naweza kuiongeza, mwanangu," alisema polepole. "Mwaka siwezi."

Baba alikuwa ameketi hapohapo, macho chini.

Asubuhi ya kwanza, rafiki aliyekuwa akikaa naye dawati moja alimpungia mkono akielekea darasa la juu. Pomboo naye akapunga, akaingia miongoni mwa wadogo waliomwita "dada". Mwalimu wa hesabu alipomaliza kueleza, mkono mmoja mrefu ulinyooka.

"Mwalimu, sijaelewa. Naomba uanze tena."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alifuta ubao, akaanza upya, na Pomboo akainamia kazi yake, akijua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwa nini wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.