Dawa ya Vita ya Jemadari Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Hamjala nini leo? Nguvu kidogo! Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kinu, pakawa mchi, pakawa pimbi mke aliyenyimwa mkia akapewa ulimi. Tegeni masikio. Na wewe unayechezea moto huko nyuma, acha, nakuona.

Hapo zamani Simba mkubwa alifariki bila kusema nani akalie kigoda chake. Fisi akasema, "Kigoda changu." Chui akasema, "Kigoda changu." Nchi iliyokuwa moja ikapasuka vipande viwili, Fisi upande huu wa mto, Chui upande ule. Fisi akapiga baragumu, puuu! Chui naye akapiga baragumu, puuu! Vita vikaanza, wakaumia wale wasio na haja na kigoda chochote.

Kwani askari lazima ale, hata kama ni ugali. Mtaniuliza, fisi na ugali wapi na wapi? Vitani huli upendacho, unakula kilichopo. Basi askari wa Fisi waliingia vijijini wakakamata wanyama wadogo, wakawafanya watumwa. Askari wa Chui nao wakakamata wao. Digidigi, kanga, pimbi, wote wakapewa michi watwange mtama wa jeshi.

Pimbi mmoja, jina lake Sikudhani, alikamatwa na Fisi pamoja na wanawe. Mumewe, Shauri, alikuwa amekwenda kuchota maji siku hiyo, akakamatwa na Chui. Mke huku, mume kule, mto katikati.

Sasa huyu Shauri alikuwa hajui kutwanga. Tangu nyumbani mchi ulikuwa haumtii, unapiga ndani, unapiga ndani, halafu unagonga mdomo wa kinu. Du, du, ka! Du, du, ka! Sikudhani alikuwa akimgombeza, "Baba Mwatime, utanivunjia kinu changu!" Lakini sasa, kila asubuhi upepo ulipovuma kutoka ng'ambo, Sikudhani alisimamisha mchi wake akasikiliza. Kutoka kambi ya Chui zilisikika sauti nyingi, du, du, du, na katikati yake moja tu, du, du, ka! "Yuko hai," alijiambia. Moyo ukamtulia, akaendelea kutwanga.

Siku moja Jemadari Fisi alipita kukagua. Tumbo mbele, mabegani amejitundika manyoya ya kanga. Akasimama mbele ya Mwatime, binti mkubwa wa Sikudhani, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu amekomaa," akasema. "Kesho aende mstari wa mbele akabebe mishale."

Sikudhani alijua maana yake. Watoto wa wenzake walikwenda mstari wa mbele kubeba mishale, na hakurudi hata mmoja. Alitaka kulia, alitaka kumrukia Fisi amng'ate pua. Badala yake akainama juu ya kinu, akatikisa kichwa, akaguna, "Mmh! Masikini, Jemadari wetu."

Fisi masikio juu. "Unasemaje wewe?"

"Sijasema kitu, bwana mkubwa."

"Nimekusikia. Masikini nani?"

"Basi tu, bwana. Naona mnavyopigana bila dawa, nawahurumia."

"Dawa gani?"

"Ah, bwana mkubwa, niache mie. Mambo ya marehemu Simba hayo, mimi mtumwa nitayawezea wapi?"

Fisi akasogea, mate yanamdondoka. "Sema, au nikumeze!"

"Ukinimeza naondoka nayo," Sikudhani akasema kwa upole. "Lakini kwa kuwa ni wewe, nitasema. Simba alikuwa hashindwi kwa sababu ya dawa ya kokoto. Zinaokotwa mtoni, zinatwangwa mpaka ziwe laini kama unga wa kumpaka mtoto. Askari akijipaka, mkuki ukimgusa unapinda."

"Hilo dogo! Nyinyi watumwa mtazitwanga leo leo."

Sikudhani akaushika mdomo wake kwa mikono miwili. "Yarabi! Mtumwa aiguse? Itachacha! Atwange mwenyewe atakayejipaka, jasho lake lichanganyike humo. Na mtumwa asiusikie hata mlio wa mchi. Akiusikia, dawa imeharibika. Kwa nini unafikiri sisi pimbi tuliishi kule miambani, nyuma ya kilima? Simba alitufukuza kila alipotwanga. Kutusumbua kule! Leo tuko hapa kambini, na watoto, na wagonjwa. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijua utatufukuza na sisi."

"Nitawafukuza, ndiyo!" Fisi akanguruma.

"Usifanye hivyo, bwana mkubwa. Ni mbali!"

"Nani jemadari hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, bwana." Akapiga magoti. "Basi nakuomba moja tu. Chui asijue."

Akaisema hiyo kwa sauti kubwa, askari wote wakasikia. Na nyinyi mnawajua fisi. Fisi anaweza kuficha mfupa, lakini kicheko hawezi kukificha. Askari walipokwenda mtoni kuokota kokoto, waliwaona askari wa Chui ng'ambo wanakunywa maji. Mmoja akacheka, hi hi hi! Mwingine akacheka, hi hi hi! Wa tatu akashindwa kabisa.

"Nyie madoadoa!" akaita. "Tunatwanga dawa ya Simba! Tunatwanga wenyewe, watumwa tunawafukuza wasisikie! Mikuki yenu itapinda!"

"Usiwaambie, mjinga wee!" wenzake wakasema, nao wanacheka mpaka wanalala chini.

Huku kambini Jemadari alipanda juu ya gogo, akapiga baragumu, puuu! "Watumwa wote, tokeni! Wakubwa kwa wadogo! Nendeni mpaka msisikie mchi! Na asirudi mtu mpaka dawa iwe tayari!"

"Jamani, Jemadari, na jua hili?" akalia Sikudhani.

"Tokeni!"

Wakatoka. Digidigi wakatoka, kanga wakatoka, pimbi wakatoka, wazee wanashikwa mikono, wachanga migongoni. Hakuwasindikiza askari hata mmoja, kwani nani alitaka kukosa jasho lake kwenye dawa? Nyuma yao vinu vikaanza. Du! Du! Du! Fisi wanatwanga kokoto. Kokoto zinaruka, pa! Usoni. Wanaziokota, wanazirudisha. Du! Du! Du!

Walipofika juu ya kilima, wenzake Sikudhani hawakusimama, walishuka upande wa pili mbio. Yeye akaketi na wanawe.

"Mama, twende," Mwatime akasema. "Hapa bado tunasikia."

"Ndiyo maana nimekaa."

Alikuwa anasikiliza ng'ambo. Alitega sikio, akapata: du, du, ka! Shauri bado yumo. Alingoja. Jua likasogea. Du, du, ka! Watoto wakaona njaa, akawachumia majani. Du, du, ka! Kisha vinu vya Chui vyote vikanyamaza mara moja. Sikudhani akasimama. Kimya kile kilimtisha kuliko baragumu.

Vinu vikaanza tena. Du! Du! Du! Milio mizito, ya mikono mikubwa. Alisikiliza kwa makini mpaka masikio yakamuuma. Du! Du! Du! Ka haikuwamo.

"Mama," Mwatime akasema taratibu, "baba amekufa?"

"Sijui, mwanangu." Na kweli alikuwa hajui. Kukosekana kwa mlio ule kulikuwa na maana mbili, na ulimi wake wote ule haukuweza kuchagua moja. Akawakumbatia wanawe, akalia mbele yao bila kujificha.

Walikaa hivyo mpaka vumbi likaonekana kwenye kivuko cha mto. Wanyama wadogo, wengi, wanapanda kilima wakiwa na mizigo yao, wanarudi makwao. Na nyuma kabisa alikuja pimbi mmoja mwembamba, mchi begani, kama kawaida yake anajikwaa.

"Baba Mwatime!"

Shauri akautupa mchi, akakimbia. Watoto walimrukia wote kwa pamoja, wakaanguka naye. Alipopata pumzi akasema, "Nimefukuzwa, Mama Mwatime. Chui amesema tunaharibu dawa. Dawa gani hiyo?"

Sikudhani alicheka mpaka mbavu zikamuuma, machozi ya mwanzo hayajakauka. "Okota mchi wako," akasema. "Nitakueleza njiani."

Walishuka upande wa pili wa kilima, wakatembea mpaka hawakusikia tena mchi. Hapo kwenye miamba yao, wakajenga upya. Jioni Shauri alitwanga mtama wa nyumbani kwake. Du, du, ka! Na Sikudhani hakumgombeza.

Na vita je? Nani apigane? Mikono yote ilikuwa kwenye michi, na wa kupika ugali hakuwapo. Njaa ikawatoa askari mmoja mmoja, kila mtu akaenda kwao kutafuta chakula, fisi na chui wakapishana njiani wala hawakusemeshana. Kigoda kikaliwa na mchwa. Walibaki majemadari wawili, kila mmoja na kinu chake, wanasema, "Bado kidogo, bado kidogo."

Sasa funzo, maana mama zenu wataniuliza mmejifunza nini kwangu. Funzo la hadithi hii ni utii. Watoto, watiini wakubwa zenu! Jemadari alisema tokeni, wakatoka. Akasema nendeni mpaka msisikie mchi, wakaenda. Akasema asirudi mtu mpaka dawa iwe tayari. Basi wale watu watiifu mpaka leo wanangoja.

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni mnapokwenda kulala. Ikiwa na kokoto, niachieni, nitaitwanga tena.