Bakuli Lisilo na Kitako

Hapo zamani, kabla bakuli la bati halijafika Kwamkanda, kila mchuzi ulinywewa kwenye bakuli la mti. Nyamazeni huko nyuma, nimeshaanza.

Fundi Vuai ndiye aliyekereza mabakuli ya mji mzima. Kerezo lake lilikuwa viguzo viwili juu ya ubao, gogo katikati, na kamba iliyozungushwa kwenye gogo. Akivuta kamba kwa mguu, gogo linazunguka. Mikononi kashika patasi, anachonga. Mguu huku, mikono huku, mdomo unatafuna tambuu. Lakini uzee ukaingia, mguu ukaanza kukataa, akachukua wanafunzi watatu: Ame, Mjaka na Pandu.

"Sikilizeni, wanangu," akawaambia. "Kwangu mtu hanywi mchuzi ila kwenye bakuli alilolikereza mwenyewe. Mpaka siku hiyo mtakula muhogo mkavu. Na wa kwanza kunywa, kerezo hili ni lake."

Lo! Na mkewe, Bi Mgeni, alikuwa bingwa wa mchuzi wa kuku wa nazi. Harufu inatoka jikoni, inawapita watoto wa watu na muhogo wao mdomoni, inakwenda zake. Ukatili ule mimi siusamehe mpaka leo.

Wakajaribu mmoja mmoja. Ame alikuwa na mguu wa kuvuta, mikono hana: patasi ikamruka ikavunja komeo la banda, mbuzi wakatoka wote. Mjaka mikono anayo, mguu hana: akavuta kamba, kamba ikamvuta yeye. Pandu hakuwa na mguu wala mikono ya kazi ile. Alikuwa na uzito tu, Mungu kamjaalia.

Basi wakaungana. Ame akavuta, Mjaka akachonga, na kerezo likaanza kutembea! Lilikuwa halikufungwa popote. Fundi hataki. "Kerezo si mbuzi," husema, "halifungwi." Yeye hulituliza kwa goti, ila hawa hawakulijua goti lile linakaa wapi. Pandu akalikalia.

Likapunguza mwendo, lakini kusimama halikusimama. Ame anavuta, Mjaka anachonga, Pandu kakaa. Wakatoka uani. Ame anavuta, Mjaka anachonga, Pandu kakaa. Wakapita katikati ya baraza la wazee.

"Shikamooni!"

"Marahaba," wazee wakaitikia, wakasogeza miguu.

Wakapita arusini. Bibi arusi akadhani ni zawadi, akaikataa. Ame anavuta, Mjaka anachonga, Pandu kakaa. Hakuna aliyethubutu kuacha, maana gogo lilikwisha kuanza kufanana na bakuli, na nani arudi tena kwenye muhogo? Wakauzunguka mji wote, wakarudi nyumbani, kerezo likajikwaa kwenye kizingiti cha jiko la Bi Mgeni. Patasi ikapenya. Bakuli likatoka jembamba, linang'aa, na kitako hakuna.

Fundi akachungulia tunduni, akamwona mkewe upande wa pili.

"Mmenitengenezea bangili," akasema.

Ame akakaa chini akalia. Bi Mgeni alishindwa kuvumilia.

"Bwana, watoto wamekonda hawa. Lete hapa."

Akatia kiganja chake chini ya tundu, akateka mchuzi unaochemka, akamimina. Haukuvuja hata tone. Akauma meno, machozi yakamlengalenga, mkono hakuutoa.

"Haya, nani anywe?" Fundi akauliza.

"Mimi," akasema Ame. "Gogo lisilozunguka ni kuni."

"Mimi," akasema Mjaka. "Gogo likizunguka bila kuchongwa, limepata kizunguzungu tu."

"Kizunguzungu gani, na tundu umetoboa wewe?"

"Nimetoboa, na aliyetuvuta mpaka kizingitini ni nani?"

"Ninywe mimi," akasema Pandu, taratibu. "Bila makalio yangu, saa hizi mngekuwa mji wa pili, mnaamkia watu msiowajua."

Bi Mgeni akawatazama wote, kiganja kinaungua.

"Mmemaliza? Kitako cha bakuli hili ni mimi. Bila mkono wangu, Fundi mwenyewe kasema ni bangili. Tangu niolewe napika mchuzi huu, na naunywa kwenye bakuli la mume wangu. Leo nami nina langu!"

Fundi akatema tambuu. Akawageukia majirani waliolifuata kerezo mpaka uani. Majirani wakanigeukia mimi, nami nawageukia nyinyi.

Yuko Ame aliyevuta, Mjaka aliyechonga, Pandu aliyekaa, na Bi Mgeni aliyeziba. Mmoja anywe, na kerezo liwe lake. Semeni upesi, jamani, mwanamke wa watu bado kashikilia mchuzi wa moto: je, nani alistahili?