Uliza Pumzi, Ndipo Uchague Bunduki

Uliza pumzi, ndipo uchague bunduki. Ndivyo alivyosema mjomba wenu asubuhi, Nasra alipotaka kununua cherehani ya umeme, na huko kwake umeme wenyewe unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Mkacheka, mkaniuliza bunduki zimeingiaje kwenye ushonaji. Haya, sogeeni, na wewe zima hiyo simu. Methali hii niliiona ikizaliwa kwa macho yangu, hapa hapa Korogwe, na kila nikiisimulia damu inanichemka upya. Kwa hiyo mkiniona napandisha sauti, mnivumilie.

Kwanza mjue kwamba bunduki yenyewe si ya kuua mtu. Ni kile chombo cha kupulizia rangi ya gari. Kina kitako cha kushika, kina kifyatulio, kina kikombe cha kutia rangi, na nyuma yake kinafungwa mpira mrefu unaotoka kwenye mashine ya upepo. Ukifyatua, upepo unaisukuma rangi, inatoka kama ukungu. Kama kila kitu kiko sawa, lakini.

Jirani yangu wakati huo alikuwa Bi Chausiku, mjane wa Mzee Shebughe. Mzee alimwachia pikapu ya kijani iliyochakaa, na Bi Chausiku aliipenda ile pikapu jamani! Alikuwa akiifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe. Mwanawe Hemedi alikuwa na mashine ndogo ya upepo, ya kujazia matairi ya baiskeli na bodaboda pale kibarazani. Basi Hemedi akasema, "Mama, pikapu ya baba nitaipiga rangi mwenyewe, hapa hapa uani. Nimeangalia mafundi gereji, si kazi ya ajabu." Mama akafurahi mpaka akapiga kigelegele.

Hemedi alikuwa na mke, Mwajabu, mtoto wa watu kutoka Muheza, hata mwaka hajamaliza katika nyumba ile. Msichana mwembamba, mcheshi, mikono haikai bure. Ndiye aliyepiga msasa ile pikapu pamoja na mumewe mpaka vidole vikachubuka. Ndiye aliyebandika magazeti kwenye vioo ili rangi isiruke. Myakumbuke hayo, maana wenzake waliyasahau upesi sana.

Hemedi akaenda kununua bunduki kwenye duka la vipuri karibu na stendi. Mwenye duka akamwekea mbili mezani. Moja kubwa, ya mdomo mpana, inang'aa kama sinia la harusi. Nyingine ndogo, kikombe chake kimekaa juu kama kofia. Mwenye duka akaisukuma ile ndogo pembeni kwa kidole kimoja.

"Hii ni ya kupaka mageti rangi, kaka. Mwanaume kama wewe unashika hii kubwa. Ndiyo ya mafundi wenyewe."

Basi! Kijana akishaambiwa "mwanaume kama wewe," atauliza nini tena? Akaichukua kubwa. Akaileta nyumbani ameishika juu juu, mtaa mzima tuione, na mama yake akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Siku ya kupiga rangi nilikuwa kwangu nakaanga vitumbua, na kati ya ua wangu na wao kuna michongoma tu, kila kitu naona. Hemedi alijifunga kitambaa puani. Mwajabu alikuwa akimwagia ardhi maji kwa kopo ili vumbi lisiinuke na kuganda kwenye rangi. Kazi ya akili hiyo. Na katika kumwagia maji huko, akauruka ule mpira wa upepo uliolala katikati ya ua, akaenda upande wa pili.

Hemedi akafyatua. Mwanzoni rangi ilitoka vizuri, laini kabisa. Lakini hakufika hata katikati ya mlango, mashine ikaanza kunguruma bila kupumzika, mshale wa kile kisahani chake cha kupimia upepo ukawa unashuka, unashuka, na bunduki ikaacha kupuliza. Ikaanza kutema! Ikatema kama bibi mwenye tambuu mdomoni. Matone makubwa yakatua mlangoni, yakaungana, yakateremka chini kama machozi. Na pale yasipoteremka pakawa na vipele vipele kama ganda la chungwa.

Bi Chausiku akashika kichwa. Mlango wa marehemu mumewe ulikuwa unalia.

Sasa, ukoo ule una mwiko wao. Mwanamke haruki kifaa cha kazi ya mwanaume: haruki jembe, haruki shoka, haruki mundu. Akiruka, kazi inaharibika. Mimi sina ugomvi na miiko ya watu. Lakini hao mababu walioweka mwiko huo, mpira wa upepo walikuwa wameuona wapi? Niambieni!

"Nani kauruka huu mpira?" akauliza Bi Chausiku, na jibu alikuwa nalo.

"Ni mimi mama," akasema Mwajabu. "Nilikuwa namwaga maji."

"Umemwaga kisirani! Tangu uingie humu ndani kuku hawatagi vizuri, leo umeliza gari la mume wangu. Funga nguo zako. Kesho unarudi kwenu Muheza wakakusafishe, na kama hawawezi kukusafisha wakae na wewe."

Na Hemedi, mume mtu, aliyeshika bunduki kwa mkono wake mwenyewe, alisema nini? Aliangalia chini. Aliangalia viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyomwoa Mwajabu. Wallahi, vitumbua vyangu viliungua siku ile kwa hasira. Kurudishwa kwenu kwa jina la kisirani si safari ya kusalimia wazazi. Jina hilo likikupata halitoki. Hakuna atakayekuoa, na wadogo zako wa kike litawafuata.

Mwajabu akaingia ndani. Nilidhani anafunga nguo. Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu na macho makavu.

"Mama," akasema, "mimi sikatai kwenda. Lakini nataka niende nikijua nimekwenda kwa kosa langu. Msasa upigwe upya, mlango usafishwe, nami nisiwepo. Nitakaa kwa Mama Kidawa, nisikanyage ua wenu. Mpira msiuache chini, muuning'inize kwenye kamba ya nguo. Hemedi apige tena. Ikitoka safi, nitaondoka bila kusindikizwa."

Mama Kidawa ndiye mimi. Nikasema kwa sauti, "Karibu mwanangu, mkeka upo!"

Asubuhi ya pili yake Mwajabu alikaa kwangu, mgongo ameupa michongoma. Hakugeuka. Nilimpa kitumbua akakishika tu mpaka kikapoa. Huko kwao mpira ulikuwa umening'inizwa juu, wala kuku hakupita chini yake. Hemedi akafyatua. Ikatoka safi kidogo. Mashine ikanguruma, mshale ukashuka.

Ikatema.

Nikaona machozi yale yale yakiteremka kwenye mlango ule ule. Nikamgusa Mwajabu bega, nikamwambia, "Imelia." Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Mnadhani Bi Chausiku alisema samahani? Thubutu! Alizunguka ile pikapu, akatafuta maneno, akayapata.

"Basi ameitazama kupitia michongoma."

Hapo nikashindwa. Nilipita kwenye michongoma yenyewe, gauni likachanika, nikasimama mbele yake. "Bi Chausiku, huyu mtoto alinipa uso muda wote! Jana miguu yake ilikuwa na kisirani, leo macho, kesho utasema kivuli? Mashine yenyewe inahema kama mbuzi aliyekimbizwa na mbwa, hamsikii? Au masikio nayo yameruka mpira?"

Bi Chausiku akarudi nyuma hatua mbili. Hatukuwa watu wa kugombana, mimi naye.

Mwajabu akaja taratibu mpaka mpakani, hakuvuka. Akamwita mumewe. "Hemedi. Aliyekuuzia hiyo bunduki alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza kitu."

"Na wewe ulimuuliza nini?"

Hemedi akaitazama ile bunduki mkononi mwake. Kisha akaanza kuufungua ule mpira kutoka kwenye bunduki. "Twende," akasema. Na mjue hilo ndilo neno la kwanza la maana nililomsikia akisema katika mambo yale.

Tukaenda wote, na Bi Chausiku naye, kajifunga kanga ya pili kichwani kama anayekwenda matangani. Mwenye duka alikuwa anakunywa chai. Hemedi akamweleza. Yule bwana akasonya.

"Kwani mashine yako ina pumzi kiasi gani?"

"Ile ndogo. Ya kujazia matairi."

"Aa! Sasa ulitegemea nini? Bunduki hii inakula upepo wa mashine kubwa za gereji. Hiyo yako haiwezi kuishibisha. Pumzi ikiisha inatema tu. Kwa anayejifunza nyumbani, mwenye mashine ndogo, ni hii." Akaigusa ile ndogo ya mdomo mwembamba. "Unapiga kipande, unaiacha mashine ijaze, unapiga kipande."

Watoto, alikuwa anajua! Tangu siku ya kwanza alikuwa anajua!

"Mbona hukuniuliza nilipokuja?" akasema Hemedi.

"Mbona wewe hukuuliza? Mimi nauza, sifundishi. Na hiyo imeshatumika, sibadilishi."

Nilitaka kusema, Bi Chausiku akaniwahi. Alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka, nami nadhani ndipo alipokuwa anayaona mambo yake mwenyewe. Akakunja kanga yake, akakaa chini kwenye ngazi ya duka, katikati ya njia, miguu ameinyoosha.

"Mama, unazuia wateja," akasema mwenye duka.

"Siwazuii. Nawasaidia."

Akaja kijana kununua kitu. Bi Chausiku akamshika suruali. "Mwanangu, umefuata nini? Bunduki ya rangi? Mashine yako ina pumzi kiasi gani?"

"Sijui, bibi."

"Basi usichague. Uliza pumzi, ndipo uchague bunduki. Humu hawaulizi, humu wanauza tu. Mimi nusura niivunje nyumba ya mwanangu kwa kutouliza."

Kijana akageuka. Akaja mwingine, wa taa za pikipiki, naye akaulizwa pumzi. Watu wakaanza kusimama, wauza machungwa wakasogea, wengine wanacheka, wengine wanalirudia lile neno. Wakati wa adhuhuri stendi nzima ilikuwa inalisema, makondakta wanataniana nalo. Mwenye duka akatoka na ile bunduki ndogo mkononi, jasho linamtoka.

"Chukueni! Chukueni mwende nayo!"

Bi Chausiku akampa ile kubwa, hakumshukuru.

Nyumbani walisafisha mlango mara nyingine. Hemedi alipokuwa tayari, mama yake akautoa mpira kwenye kamba ya nguo, akaulaza chini katikati ya ua, pale pale ulipokuwa mwanzo. Akanyanyua kanga kidogo, akauruka yeye mwenyewe. Kisha akageukia michongoma, alikosimama Mwajabu.

"Njoo mkwe wangu. Ruka. Na kopo la maji lile pale, vumbi linaanza."

Mwajabu akavuka, akauruka mpira, akachukua kopo. Hemedi akapiga kipande, akaiacha mashine ijaze, akapiga kipande. Rangi ikalala kijani, laini, bila chozi hata moja, mpaka Bi Chausiku akauona uso wake mlangoni.

Neno samahani hakulitamka mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, na mimi hilo bado linanikera. Lakini kila binti aliyeolewa mtaa ule, Bi Chausiku ndiye aliyekwenda kumwambia mama mkwe wake, kabla hata ya pilau kuliwa: uliza kwanza. Uliza pumzi, ndipo uchague bunduki.