Mtoto wa Hamchoki na Gunia Jekundu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana ng'ombe walikuwa wameshavalishwa namba masikioni na magunia yalikuwa yameshajifunza kusema uongo, palikuwa na ranchi chini ya milima ya Taita iliyoitwa Chakamori. Mimi ni wa huko. Ukisikia mtu ametoka Chakamori, msogezee kiti, hiyo ni sheria. Ng'ombe tulikuwa nao, lakini wenye ng'ombe ni wengi duniani. Fahari yetu sisi ilikuwa mbwa.

Mbwa sita tu. Fisi wakisikia sauti zao walihama kata. Mkuu wao alikuwa jike mwekundu, kifua kipana, jina lake Hamchoki. Jina hilo alipewa na mtunza mbwa, Mzee Mwamburi, kwa ajili ya majirani wenye midomo, ili kila akimwita mbwa, ujumbe uwafikie. Na uliwafikia barabara.

Mwamburi alikuwa ametunza mbwa wa ranchi miaka kumi na tisa. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba la maana. Alikuwa na jina. Mtu akitaja mbwa wa Chakamori, neno lililofuata ni Mwamburi, na yeye alitembea na jina hilo kifua mbele. Kila asubuhi aliwapikia mbwa ugali, dagaa na mifupa, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali.

Sasa ikachaguliwa kamati mpya, na kamati mpya lazima ilete kitu kipya, si ndiyo? Ikaleta chakula kikavu cha mbwa, vile vipunje vya kahawia vya kiwandani. Gunia jekundu, limechorwa mbwa anayeng'aa kama kiatu cha askari, na chini yake maandishi manene: NYAMA NDIYO YA KWANZA. Mwenyekiti akalipiga gunia kofi la tumbo akasema, "Mbwa wetu watakula nyama kutuzidi sisi wenyewe." Tukashangilia. Hata mimi nilishangilia, siwezi kudanganya.

Mwezi wa kwanza, mbwa wakala. Mwezi wa pili, mbwa wakala, na mbavu zikaanza kuhesabika. Mwezi wa tatu, mbwa wakala, na fisi wakachukua ndama wawili mchana kweupe, mbwa wamelala wanawatazama. Hamchoki akazaa watoto watano. Wanne walitoka wamekufa. Mmoja, jike, mwekundu kama mama yake, ndiye aliyepumua.

Hapo neno likaanza kutembea. Gunia limeandikwa nyama ndiyo ya kwanza, mbwa wamekonda, basi nyama imekwenda wapi? Likajibiwa: imekwenda kwa Mwamburi. Wengine walisema anauza. Wengine, Mungu awasamehe, walisema anakula. Hebu fikiria aibu hiyo. Ukiitwa mwizi wa ng'ombe, angalau kuna namna ya kubisha. Ukiitwa mwizi wa chakula cha mbwa utabisha vipi? Ukifungua mdomo tu, watu wanacheka.

Mkutano mkuu ukaitwa Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja: Mwamburi arudishe filimbi ya ranchi, ile ya kuitia mbwa, na aondoke, na sababu iandikwe kitabuni.

Ijumaa Mwamburi akasimama mlangoni mwa ofisi, mbele ya watu, akasema, "Mali ya kumpa mtu sina. Lakini desturi ya ranchi inanipa mtoto mmoja katika kila uzao, na uzao huu umebakiza mmoja. Mtu atakayelisafisha jina langu, mtoto wa Hamchoki ni wake. Nimesema."

Nanyi mkisikia mtoto wa mbwa msidhani ni kitu kidogo. Watu walishawahi kutoka Taveta na mtamba wa ng'ombe wakitaka kubadilishana na mtoto wa Hamchoki, wakarudi na mtamba wao. Ndivyo tulivyokuwa.

Jumamosi ikafika. Watu mia mbili uwanjani. Mwenyekiti mezani, na kando yake wakala aliyeuza yale magunia, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Mwamburi amesimama peke yake, filimbi shingoni, mtoto wa mbwa ndani ya koti. Mwenyekiti akauliza, "Kuna wa kumtetea?"

Akasimama Wakesho, mfagiaji wa banda la mbwa. Akaweka karai chini. "Mnisamehe, nitataja mavi," akasema. "Ndiyo kazi yangu. Wakati wa ugali na mifupa nilikuwa natoa karai moja kwa siku. Tangu gunia jekundu lije, natoa makarai matatu. Mbwa ni walewale sita. Sasa niambieni, wanaume wenye akili, kama Mwamburi anaiba chakula, makarai matatu yanatoka wapi? Kisichoingia hakitoki. Chakula kimewafikia mbwa, kikapita tu kama mgeni asiyetaka kukaa."

Watu wakatazamana. Karai sote tulikuwa tukiliona kila asubuhi, na hakuna aliyekuwa amelihesabu. Lakini mwenyekiti si mtu wa kushindwa upesi. Akasema, "Vizuri. Wamekula. Lakini wamekula nini? Mwamburi alichukua chakula cha nyama akawapa pumba. Ndiyo maana karai limejaa."

Mwamburi akainamisha kichwa. Pale alikuwa amekwisha.

Akasimama Mghoi, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mikono myeupe kwa unga. Akataka gunia jipya ambalo uzi wake haujakatwa. Akalikata mwenyewe mbele yetu, akatia konzi moja ya vipunje kwenye sufuria ya maji, akangoja vikavimba, kisha akavisugua kiganjani polepole, kama anavyosugua unga wa mteja mbishi. Akafungua kiganja. Tuliona maganda ya mahindi, manjano kabisa.

"Pumba zimetoka kiwandani zikiwa ndani," akasema. "Mwamburi hakutia kitu. Sasa nipeni nyuma ya gunia, pale penye maandishi madogo. Vitu vimepangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Nyama, thelathini katika mia. Mahindi, ishirini. Unga wa mahindi, kumi na tisa. Pumba za mahindi, kumi na tano. Halafu mafuta ya mnyama. Mnyama gani? Hawakusema, labda walimwonea haya. Sasa sikilizeni mwenye mashine. Mahindi, unga, pumba: hayo yote ni gunia moja la mahindi. Wamelikata vipande vitatu na kila kipande wakakipa jina lake, ili nyama ionekane imetangulia. Yajumlishe. Hamsini na nne. Kwa kweli mahindi ndiyo ya kwanza, nyama imesukumwa mbele kwa hila."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na pumba hizo nazijua. Ni zangu. Lori lao linachukua kwangu kila Alhamisi."

Uwanja ukavuma. Lakini wakala akainuka akitabasamu. "Mama amejumlisha vizuri," akasema. "Hata hivyo nyama ni thelathini katika mia. Nani kati yenu anakula thelathini katika mia? Mbwa anayepewa hivyo hakondi. Akikonda, kuna mtu anayechambua vipunje vya nyama anapeleka kwake."

Jamani, huyo mtu alijua kusema. Vichwa vikaanza kutikisika tena, na mwenyekiti akanyoosha mkono apewe filimbi.

Akasimama Righa muuza nyama. Hapo kila mtu akageuka, kwa sababu Righa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Mwamburi ni mwizi. Lile neno lililotembea lilitoka kwenye kibanda chake, juu ya gogo lake la kukatia. Alikuwa amebeba mshipi wa nyama kavu begani.

"Nani hapa hajanisuta kwamba nyama yangu kavu ni ghali?" akauliza. Tukacheka, maana sote tulikuwa tumemsuta. "Ni ghali kwa sababu naanika kilo nne mbichi, jua linanirudishia kilo moja. Kilo tatu zilikuwa maji. Sasa wewe bwana, nyama yako ulipoipima ilikuwa mbichi au kavu?"

Wakala akasema, "Nyama ni nyama."

"Soma gunia lako."

Wakala akakataa kusoma. Akasoma Mghoi: "Nyama mbichi ya ng'ombe."

"Mbichi," akasema Righa. "Lakini chakula chenyewe ni kikavu, kinalia kama kokoto. Mahindi yalipimwa yakiwa makavu tayari, nyama ikapimwa na maji yake. Kausha hiyo thelathini yako. Zinabaki saba na nusu, na mimi nimekuhurumia. Kama ungeandika nyama iliyokaushwa, ningekuvulia kofia. Mbwa wetu walikuwa wakila pumba zenye harufu ya nyama." Kisha akamgeukia Mwamburi. "Nami niliyesema wewe mwizi, nilisema bila kupima, na mimi ni mtu wa mizani. Nisamehe, kaka."

Wakala alitafuta njia ya nyuma. Mwenyekiti akalikunja gunia mwenyewe, akasimama, akamwomba Mwamburi msamaha mbele ya watu mia mbili, na filimbi ikabaki ilipokuwa. Naapa sijawahi kuona mzee akisimama wima vile. Nilijisikia kulia kwa fahari, na si mimi peke yangu. Mfagiaji, mwenye mashine na muuza nyama walikuwa wamemwangusha mtu wa kiwanda kwa yale wanayoyajua mikononi mwao. Tafuta ranchi nyingine yenye watu kama hao, ukiipata nitakula hii kanga yangu.

Basi Mwamburi akamtoa mtoto wa mbwa kwenye koti. Na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Wakesho akasema, "Mimi nilisimama wa kwanza, wakati kusimama na Mwamburi kulikuwa aibu. Wenzangu walisimama njia imeshafunguliwa. Na bila karai langu hawa wangejibu swali gani? Bila mimi ungekuwa wapi, Mwamburi?"

Mghoi akasema, "Karai lako lilithibitisha kwamba mbwa wamekula. Mwizi wa kubadilisha chakula naye mbwa wake hula. Mimi ndiye niliyeonyesha pumba zimetoka wapi. Na mimi ndiye niliyelipa: lori la Alhamisi haliji tena, mashine yangu itazimwa saa sita mchana. Hakuna mwingine aliyepoteza hata punje. Bila mimi ungekuwa wapi, Mwamburi?"

Righa akasema, "Nyinyi wawili mlikuwa mmemaliza, na mkono wa mwenyekiti ulikuwa umenyooshwa kuchukua filimbi. Nani aliurudisha? Tena nyinyi mlimsema mtu mwingine. Mimi nilijisema mwenyewe, nikameza neno langu mbele ya wateja wangu wote. Bila mimi ungekuwa wapi, Mwamburi?"

Wakesho akamrukia. "Bila wewe angekuwa nyumbani kwake amelala, maana usingesema ni mwizi. Aliyewasha moto hapewi zawadi kwa kuuzima."

Mghoi akacheka, lakini Righa akamgeukia yeye. "Na wewe mama, uliuza pumba miezi yote hiyo kwa watu wa chakula cha mbwa. Ulidhani wanazifanyia nini, wanajazia magodoro?"

Mghoi akasema, "Nilidhani ni za kuku. Nilipojua nilisema, siku hiyohiyo. Lakini muulizeni Wakesho alijua lini."

Wakesho akavuta kanga yake. "Nilijua mwezi wa kwanza," akasema. "Nilimwambia Mzee Mwamburi, mbwa hawa wanatoa mavi mengi kuliko wanavyostahili. Akaniambia, wewe fagia. Nami nina kiburi changu kama nyinyi mlivyo na chenu. Nilifagia, nikahesabu, nikanyamaza."

Tukajua sote kwamba wale watoto wanne wa Hamchoki walikuwa tumboni wakati ule. Mwamburi aliuma mdomo, kwa sababu kweli alisema hivyo. Hakumlaumu, na hakujilaumu kwa sauti.

Wakasimama mbele yake watatu, hakuna aliyerudi nyuma hata hatua. Mwenyekiti akashauri mtoto wa mbwa auzwe, wagawane. Watatu wakasema hapana kwa mdomo mmoja. Hakuna aliyetaka hela. Mtu mmoja akashauri akae kwa zamu. Mwamburi akasema mbwa wa zamu hana mwenyewe, na mbwa asiye na mwenyewe halindi kitu.

Kisha akasema, "Jina langu limerudishwa na watu watatu. Ahadi niliitoa kwa mmoja. Nikimpa huyu, hao wawili watakwenda nyumbani wakisema Mwamburi amewaibia haki yao. Na safari hii watakuwa wanasema kweli."

Alikaa chini palepale uwanjani, mtoto wa mbwa anamnyonya kidole, akatutazama sisi tuliokuwa tayari kumfukuza asubuhi ile, akatuachia sisi tuamue. Chakamori nzima, watu wa fahari, watu wenye jibu kwa kila jambo, tukabaki tunatazamana.

Basi nyinyi mliokaa hapa mkitingisha vichwa kama mahakimu, kinyang'anyiro kiko mbele yenu, na njia ya kukikimbia siwapi. Yuko Wakesho, aliyesimama wa kwanza lakini akachelewa kusema alichojua. Yuko Mghoi, aliyelipa kwa riziki yake kitu alichokuwa ameuza. Yuko Righa, aliyeliokoa jina alilokuwa amelichafua. Mtoto wa Hamchoki ni mmoja. Je, nani alistahili?