Digidigi na Miche ya Chini ya Makuti

Wanangu, sogeeni. Kabla sijaanza niseme kosa langu, maana nisipolisema litanikaa kooni. Nilipokuwa na umri wenu nilichuma nyanya sita kwa jirani yetu, Bi. Mwanasiti, nikamwambia mama nimepewa. Mama akapika, tukala, kisha akamwombea dua yule aliyetoa. Na mimi nikaitikia amina! Mungu anisamehe.

Haya. Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu alisimuliwa tu, alikuwapo Mama Digidigi. Mwili mdogo, miguu kama vijiti vya kiberiti, macho makubwa. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na chakula chao chote kilitoka katika bustani yake kando ya mto.

Wakati wa kipupwe bustani ilijaa spinachi na kotimiri. Lakini baridi ikaondoka, jua likaanza kuchoma. Spinachi zikarefuka, zikatoa maua, majani yakawa machungu. Kotimiri nazo zikabaki vijiti vyenye maua meupe. Ukizitazama kwa mbali, lo, utadhani neema! Ukizitafuna, utalia.

Digidigi alijua muda wa mboga hizo umekwisha. Pembeni, chini ya kivuli cha makuti, alikuwa ameotesha miche ya kiangazi: bamia, bilinganya na mrehani. Kila mche majani mawili matatu tu. Alitaka ang'oe ya zamani, alime, apandikize kabla jua halijazidi.

Asubuhi moja akasikia, puu! puu! puu! Ardhi ikatikisika.

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Kiboko. Alibisha hodi akiwa ameshaingia.

"Karibu, Bwana Kiboko. Shikamoo."

"Marahaba. Ijumaa namwoza binti yangu kwa mtoto wa Nyati. Nataka mboga za karamu. Na sikuja kuomba, nimekuja kuchukua."

Digidigi akaitupia jicho miche yake. Kiboko akiichukua ile miche, watoto watalala njaa kiangazi kizima! Amdanganye? Digidigi alikuwa mcha Mungu, uongo haukumtoka kirahisi. Lakini alimjua Kiboko vizuri: tangu azaliwe, hakuwahi kuamini neno la mtu mdogo.

Basi akaamua kumwambia kweli tupu.

"Bwana, hizi ndefu zimepitwa na wakati. Ni chungu. Leo nilitaka kuzing'oa nizitupe."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Wewe kidudu wewe! Mboga zinanifika tumboni, zimepambwa maua kama bibi harusi, halafu useme chungu?"

"Onja basi, bwana."

"Nionje nini? Macho sina? Na kule chini ya makuti umeficha nini?"

Digidigi akajibu, "Miche ya bamia, bilinganya na mrehani. Ndiyo uhai wa wanangu. Nakusihi, usiiguse."

Kiboko akaenda, puu! puu! Akayafunua makuti kwa pua. Akainua mguu mmoja juu ya ile miche. Digidigi akafumba macho. "Ya Rabi, nisitiri," akanong'ona.

Mguu ukabaki hewani.

"Hivi?" akasema Kiboko. "Vijani viwili viwili? Hivi ndivyo uhai wa wanao? Unanichezea! Unataka nihangaike na takataka hizi, wewe ubaki na mboga za maana. Mimi si mjinga!"

"Nimekwambia kweli, bwana. Mungu shahidi."

"Nyamaza!"

Mguu ukashuka. Ukashuka pembeni.

Basi kazi ikaanza. Pru! Spinachi zikatoka na mizizi yake. Pru! Kotimiri nazo. Akizunguka kwenye matuta, miguu yake ilichimbua udongo kuliko jembe. Na kwa kuwa alikuwa ameshiba, akaacha na samadi, pwata! pwata! huku na huku. Watoto wa Digidigi wakaziba midomo wasicheke.

Alipoondoka na mzigo wake, Digidigi akakaa chini. "Alhamdulillahi," akasema. "Amening'olea, amenilimia, na mbolea ameniachia!" Alasiri ile ile yeye na wanawe wakapandikiza miche, wakaimwagilia.

Ijumaa ikafika. Digidigi naye alialikwa, ni jirani. Sinia zilipowekwa, Kiboko akasimama, kifua mbele.

"Wageni wangu, mboga hizi nimezilima mwenyewe, kwa jasho langu!"

Wageni wakapiga makofi. Nyati akajaza mdomo. Akatafuna mara moja. Masikio yakalegea.

"Mkwe wangu," akasema, "hii mboga au shubiri?"

Ptuu! Ptuu! Karamu nzima ikatema.

Kiboko akamkazia macho Digidigi. Akafungua lile domo lake aseme, "Mboga zake huyu!" Akakumbuka alichokitangaza sasa hivi. Akalifunga, pap!

"Jirani Digidigi," Nyati akauliza, "wewe mkulima. Spinachi huvunwa lini?"

"Kabla haijatoa maua, bwana."

"Umesikia, mkwe?"

Kiboko akajikaza. "Sisi kwetu... tunazipenda hivi hivi."

"Ahaa! Basi kula, mkwe! Leteni sinia zote!"

Akala sinia ya kwanza, ya pili, ya tano, machozi yakimtiririka.

"Tamu?"

"Ta... tamu."

Tangu siku hiyo Kiboko hataki kusikia habari ya mboga. Akitoka mtoni huinamia nyasi zake, akiipita bustani ya Digidigi bila hata kugeuza shingo. Bamia zikazaa, bilinganya zikazaa, na watoto watatu wakamaliza kiangazi wameshiba. Kusema kweli huku unaomba usiaminiwe, sijui kama ni dhambi. Hilo namwachia Mungu.

Funzo lake ni hili: ukimdharau mnyonge, hata ukweli wake utakuponza.

Nami nina ombi moja kwenu. Kile kisima cha nyuma ya shule, ukingo wake umelika. Nawaombeni mniamini, msiende kuchezea pale.