Mbuni Chini ya Kikapu

— Nianze, nisianze?
— Anza!
— Na mkiogopa?
— Tutashikana mikono!

Haya, shikaneni. Na wewe huko nyuma, acha kutafuna mihogo ninaposema! Leo kuna mtafunaji mkubwa kuliko wewe.

Nyika ile ilikuwa na desturi yake. Majike wakigombana hawang'atani. Wanakwenda uwanjani, watatu kwa watatu, wanacheza mpira wa kikapu. Anayefunga anabaki na mpira, na wa kwanza kufunga mara tatu ndiye mwenye haki. Refa ni Korongo.

Siku hiyo Bi Fisi aliyaona mayai ya Mbuni, mayai sita. Akasema, "Nimeyaona, basi ni yangu." Akaja uwanjani na dada zake wawili. Mbuni akaja na shoga zake: Pelele, asiyefika hata goti la mbuzi, na Nungunungu, mzito wa kukimbia.

Du, du, du! Pelele akampa Mbuni mpira chini ya kikapu. Fisi akaja nyuma, akampumulia shingoni. Haaah!

"Mama Mayai, nile mabichi au nichemshe?"

Mbuni akatetemeka, mpira ukamponyoka. Fisi akafunga. Akafunga na la pili. Mara dadake akapata mpira, yuko peke yake, yu karibu kufunga! Fisi akamnyang'anya: "La tatu ni langu!" Akarusha kwa pupa. Ngaa! Ukagonga chuma, Pelele akaudaka.

Mbuni analia. "Siwezi, shoga yangu. Akinipumulia tu, miguu inakufa. Wanangu wameshaliwa!"

"Bado," akanong'ona Pelele, na meno yake yanagongana. "Tumefanya mazoezi siku ngapi? Unapita ubavuni kwa Nungu, unasimama chini ya kikapu, nakupa. Nungu, kazi yako?"

"Kusimama."

"Na ukigongwa?"

"Nimesimama tu."

Du, du, du! Pelele kulia, Nungu katikati, Mbuni akakimbia akimpita ubavuni. Fisi nyuma yake, macho yote shingoni mwa Mbuni. Puu! Akamvaa Nungu.

"Yalaa! Pua yangu!"

Mbuni peke yake chini ya kikapu. Chwaa! Moja.

"Refa, amenichoma!"

Prrrii! "Alikuwa amesimama," akasema Korongo. "Aliyesimama hana kosa. Chezeni."

Du, du, du! Pelele kulia, Nungu katikati, Mbuni akapita ubavuni. Puu! "Yalaa!" Chwaa! Mbili.

Sasa Fisi hakupiga kelele. Jamani, Fisi akinyamaza ndipo pa kuogopa! Alichomoa miiba puani mmoja mmoja, damu inamtiririka, anamtazama Mbuni bila kupepesa.

Du, du, du! Pelele kulia, Nungu katikati, Mbuni akakimbia. Lo! Fisi hakumfuata. Alimzunguka Nungu kwa upande wa pili, akatangulia, akamngoja Mbuni mdomo wazi.

"Njoo, mama. Njoo."

"Geuka!" akapiga kelele Pelele.

Mbuni akageuka, akarudi alikotoka. Fisi akaruka amkamate. Nungu je? Nungu hakusogea hata unywele. Puu!

Mpira ukamfikia Mbuni mikononi. Mikono gani, mabawa! Tusibishane. Akasikia nyuma yake haaah, Fisi anainuka. Miguu ikafa kweli. Akafumba macho, akarusha. Mpira ukazunguka chuma, ukazunguka, ukazunguka tena.

Chwaa!

Fisi na dada zake wakaondoka wanalaumiana. Mbuni akakimbilia kiotani, akayahesabu mayai, sita, akayalalia. Alitetemeka mpaka mayai nayo yakatetemeka chini yake.

Mnataka funzo? Mmeona aliyeokoa watoto wa watu: ni yule aliyesimama bila kufanya lolote! Basi wanangu, mkitumwa maji, simameni. Mkiambiwa fanyeni mazoezi, simameni. Mkiona fisi anakuja, simameni vivyo hivyo, muone. Ila kwanza oteni miiba.

Yangu yamekwisha. Uongo nawaachia nyinyi, ukweli naondoka nao.